Mshirika wa Familia Hajaelewa

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Kamati ya Udahili wa Shahada za Utafiti, Kitivo cha Sayansi za Afya, nawatangazia wakazi wote wa nyanda hizi, wenye ngano na wasio na ngano, kwamba Kitivo chetu kimevunja rekodi. Kwa mwaka wa tatu mfululizo hakikumpokea mwanafunzi hata mmoja.

Msicheke. Vyuo vingine vya Kanada humpokea mwombaji mmoja kati ya kumi, halafu vinajisifu kuwa ni vigumu kuingia. Sisi waliomba watu mia mbili na arobaini, tukapokea sifuri. Mkuu wa Kitivo, Daktari Alastair Pruden, alilieleza jambo hilo vizuri sana kwenye hotuba yake ya Krismasi. Alisema ubora wa chuo hupimwa kwa wale waliobaki nje, na nje kwetu kumejaa. Akapigiwa makofi. Mimi pia nilipiga, maana mikono ilikuwa inataka joto.

Jina langu ni Metro Hawryluk. Elimu yangu ni darasa la nane, na hilo la nane nalo sikulimaliza, kwa sababu baba alivunjika nyonga katikati ya mavuno. Miaka thelathini na minane nimefanya kazi kwenye ghala la nafaka kando ya reli. Lakini cheo changu cha sasa ni Mshirika wa Familia katika Kamati ya Udahili. Nina beji yenye picha. Nina kikombe chenye nembo. Tena nina kitu kikubwa kuliko hivyo vyote: nafasi ya kuegesha gari yenye soketi ya kuchomeka hita ya injini, ambayo bila hiyo gari haliwaki kwenye baridi ya huku. Kuna maprofesa wamefundisha hapa miaka ishirini hawana soketi. Januari ikiingia, wao ndio wanaotangulia kunisalimu.

Mtauliza cheo nilikipataje. Nilikipata kwa kufiwa.

Mke wangu Olha aliingia idara ya dharura ya hospitali yetu siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, ameshika tumbo. Walimlaza koridoni kwenye machela namba sita, chini ya saa ya ukutani inayochelewa dakika kumi na nne. Nikaenda dirishani kuuliza daktari anakuja lini. Wakaniambia, "Mtaitwa." Nikarudi. Nikaenda tena. "Mtaitwa." Utaratibu ule ulikuwa mpya, umebuniwa na mkurugenzi wa hospitali mwenyewe ili wananchi wasisumbuke kuuliza. Jumanne saa kumi jioni Olha aliitwa kweli, ila aliyemwita hakuwa mtu wa hospitali.

Ni saa thelathini na moja. Nimezihesabu kwa vidole na kwa kalenda, zinatoka zilezile.

Nikaandika barua ya malalamiko, kwa penseli, kurasa mbili. Baada ya miezi mitano nikajibiwa kwamba hospitali inathamini sana safari yangu, na kwamba uzoefu wangu ni hazina. Sikujua kama nilikuwa nimesafiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Lakini barua iliendelea kusema kwamba mkurugenzi amepandishwa cheo, sasa ni Mkuu wa Kitivo huko chuoni, na angefurahi nikae kwenye kamati yake kama sauti ya familia. Mkurugenzi huyo ndiye Daktari Pruden. Aliyeshindwa kuendesha korido alipelekwa kufundisha wengine namna ya kuziendesha. Na aliyelalamika akapewa kikombe. Kila mtu alipata haki yake.

Basi, miaka mitatu nikawa naingia vikaoni. Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Daktari Pruden anasoma kifungu, ananigeukia kwa upole wa mtu anayemlisha paka mzee, anauliza, "Mzee Metro, tumeelewana?" Nami najibu, "Nimeelewa." Kisha naweka sahihi. Nilikuwa sielewi hata robo, lakini palikuwa na donati, palikuwa na joto, na nyumbani hapakuwa na mtu. Kwa hiyo mkiona zile sifuri tatu zetu, mjue chini ya kila moja ipo sahihi ya Hawryluk.

Sasa nije kwa Glenda.

Glenda Friesen ni nesi wa dharura, mwaka wake wa ishirini na sita huu. Ndiye aliyemletea Olha vipande vya barafu vya kumung'unya, na ndiye aliyemfumba macho. Mwezi wa kumi na moja alikuja nyumbani kwangu akiwa bado na sare ya kazi ndani ya koti. Nikampashia pyrohy, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, kwa kitunguu, zile zinazouzwa kwenye jokofu la kanisa, maana za Olha zilishakwisha. Alikula sita kabla hajasema neno.

"Mzee Metro," akasema, "tarehe mosi Aprili korido inafutwa."

"Asante Mungu. Wanajenga wodi?"

"Wanabandika kibao. Itaitwa Wodi ya Mpito."

"Na machela?"

"Palepale."

"Na saa mbovu?"

"Palepale, mzee. Ila kuanzia siku hiyo, kwenye karatasi za serikali, hakuna mgonjwa aliyelala koridoni. Atakuwa amelazwa wodini. Tatizo limekwisha kwa bisibisi na skrubu nne."

Akatoa mfukoni daftari la jalada la buluu. Miaka tisa amekuwa akiandika humo kila aliyelala koridoni: jina la kwanza na herufi ya jina la pili, namba ya machela, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Hakuna aliyemtuma. Alisema alianza siku aliyochoka kuambiwa na wakubwa kwamba wastani wa kungoja ni saa nne.

"Hili hapa ni maneno ya nesi tu," akasema. "Nikilipeleka kwao watasema nimelipika. Lakini nikisajiliwa chuoni kwa shahada ya utafiti kabla ya Aprili, naruhusiwa kisheria kuhesabu korido ikiwa bado inaitwa korido. Na hili daftari linaingia kwenye utafiti. Baada ya Aprili hakuna cha kuhesabu."

Nikamuuliza, "Olha yumo?"

"Ukurasa wa arobaini na moja."

"Basi omba, mwanangu. Mimi ni mtu wa ndani. Nina soketi pale."

Nilidhani cheo changu kitasaidia. Nilikuwa bado sijawahi kusoma zile kanuni nilizotia sahihi.

Sharti la kwanza lilikuwa hati ya matokeo, ya chuo cha uuguzi alichosoma Glenda, iletwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa posta. Chuo chenyewe serikali ilikifunga zamani, na jengo lake ndilo hili la Kitivo chetu. Tulikwenda pamoja kwa karani wa Udahili, Bi Marjorie Klassen, mama mwenye miwani ya mnyororo ambaye amekaa jengo lile tangu enzi za chuo cha zamani.

"Hati lazima itoke kwenye chuo chenyewe," Marjorie akasema.

"Chuo kilifungwa, Marjorie. Wewe ndiye uliyekuwa karani wake."

"Najua, mpenzi. Ulikuwa na nywele hadi kiunoni."

"Sasa hati yangu iko wapi?"

"Kwenye kabati hili hapa nyuma yangu. Droo ya pili."

"Basi nipatie."

"Siwezi. Hapa mimi ni karani wa Udahili. Kabati ni la Mtunza Kumbukumbu za Vyuo Vilivyofungwa."

"Na huyo ni nani?"

"Ni mimi," Marjorie akasema. "Lakini siku za Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi tukarudi. Marjorie alikuwa amehamia kiti cha upande wa pili wa meza ileile, na alituomba tujitambulishe. Akapokea ombi kutoka kwake mwenyewe la Jumanne, akalisoma kwa makini, akaligonga muhuri, akafungua droo ya pili. Hati ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa kwa gundi, ikapelekwa posta. Ikasafiri kilomita mia sita mpaka kwenye mji wa kuchambulia barua, ikarudi kilomita mia sita, ikafika mezani kwa Marjorie imechanika pembe. Akaikataa. Akajiandikia barua ya onyo kuhusu uzembe wa kufunga bahasha. Alhamisi akajijibu kwa ukali kwamba kosa ni la posta. Kwa wiki mbili hawakusemezana.

"Marjorie," nikamwambia siku moja tukiwa wawili, "huoni kama huu ni mzaha?"

"Mzee Metro," akanijibu taratibu, huku akifuta miwani, "bado miaka miwili nistaafu. Mimi huona mambo mengi sana. Siku za Jumatano."

Bahasha ya pili ilifika nzima. Nikadhani tumevuka mto, kumbe lile lilikuwa dimbwi tu.

Sharti la pili lilidai uzoefu wa utafiti. Yaani, ili uje chuoni kufundishwa utafiti, uwe umeshafanya utafiti. Glenda akaandika kwamba ana daftari la miaka tisa. Wakamjibu kwamba lile si utafiti, kwa kuwa alilifanya bila kufundishwa.

Sharti la tatu lilitaka insha ya maneno mia tano kuhusu ari yake. Glenda alitumia sita: "Nimechoka kufunika watu nyuso zao koridoni." Ikarudishwa na maelezo ya wino mwekundu: Haina mfumo wa nadharia.

Akaiandika upya akiwa kwangu jikoni, mimi nikimtafutia maneno marefu kwenye makaratasi yangu ya vikao. Tulipata "mchakato shirikishi," tukapata "mnyumbuliko wa kimfumo," tukayapanga kama matofali. Kile alichotaka kusema kikapotea kabisa. Insha ikapita.

Lakini lililomkwamisha lilikuwa Kifungu cha Tisa. Nakinukuu kilivyo, mjionee: "Ombi halitafunguliwa mpaka mwombaji awe na msimamizi aliyekubali. Msimamizi hatakubali mpaka awe ameliona ombi lililofunguliwa."

Glenda aliwaandikia maprofesa kumi na wanne. Kumi na mmoja hawakujibu. Wawili walijibu kwamba wako likizo ya kuandika kitabu kuhusu mawasiliano. Mmoja, Daktari Quennell Stroud, bingwa wa Mtiririko wa Wagonjwa, alimkaribisha ofisini. Nikamsindikiza na beji yangu.

"Mama, wazo lako ni zuri mno," akasema Daktari Stroud. "Miaka kumi natafuta takwimu kama hizi. Nitafurahi sana kukusimamia."

"Naomba basi utie sahihi hapa."

"Ukishapokelewa."

"Siwezi kupokelewa bila sahihi yako."

"Naam. Na mimi siwezi kutia sahihi kabla hujapokelewa."

"Sasa tunafanyaje, Daktari?"

"Hilo ni swali zuri la utafiti," akasema Stroud, akaliandika.

Tulipotoka nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Glenda alikaa garini mwangu, mikono mbele ya hita, kile kidude cha kupulizia joto ambacho kwenye gari langu hupuliza upande mmoja tu. Hakulia. Manesi wa dharura hawalii mbele za watu, wanakwenda stoo.

"Wamenipiga danadana mpaka nimechoka, mzee," akasema. "Kikao chenu ni lini?"

"Tarehe ishirini na sita Februari."

"Na huko mnafanya nini?"

"Tunazihuisha kanuni kwa miaka mitatu mingine. Zinakwisha muda mwisho wa mwezi."

"Na wewe unafanya nini?"

Nikatazama kioo kilichoganda. "Mimi husema nimeelewa."

Alifungua mlango akashuka, akatembea kwenda kituo cha basi kwa miguu, na mimi nilikuwa na gari lenye joto.

Siku ile nilizitoa kabatini Kanuni za Udahili, kitabu chote, nikakaa nacho mezani mkabala na kiti cha Olha. Nilisoma kwa kidole, kama tulivyofundishwa. Kifungu cha Tisa nilikisoma mara nne. Nikakisoma kwa sauti, kiti cha Olha kikanisikiliza. Mara ya tano nikagundua kwamba si mimi niliye mjinga. Mtu wa miaka sabini na moja kugundua hivyo ni jambo zito, nikanywa chai.

Nikaendelea kusoma mpaka nikafika Kanuni ya Kumi na Nne.

Hii niieleze. Kanuni ya Kumi na Nne aliitunga Daktari Pruden mwenyewe, na kwa ajili yake alipewa tuzo ya kitaifa ya kushirikisha jamii, sanamu ya mkono wa kioo ulionyooshwa, ambayo huibandikia karatasi za kukumbushia. Inasema hivi: "Kila kifungu kitaelezwa kwa Mshirika wa Familia kwa lugha ya mtu wa darasa la sita. Asipoelewa baada ya maelezo matatu, kifungu hicho kitahesabika hakijaandikwa."

Miaka mitatu ilikuwa imelala pale kama bunduki ukutani, na mimi napita chini yake kufuata donati.

Tarehe ishirini na sita tulikutana. Daktari Pruden alikaa kichwani pa meza na mkono wake wa kioo, Daktari Stroud pembeni, maprofesa wengine wanne wanaohudhuria kwa simu na kukohoa, na Marjorie akiandika muhtasari. Ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo sikuwa na hakika yupo kwa cheo gani.

Vifungu vinane vikapita. Nikasema nimeelewa mara nane, na safari hii kweli nilikuwa nimevisoma.

"Kifungu cha Tisa," Daktari Pruden akasoma, tayari akigeuza ukurasa. "Mzee Metro, tumeelewana?"

"Sijaelewa."

Akatabasamu. "Samahani?"

"Sijaelewa, Daktari."

Mtu mmoja kwenye simu aliacha kukohoa.

"Haidhuru," akasema Daktari Pruden. "Ni kwamba tunajenga mchakato shirikishi wa uoanishaji wa awali kati ya mwombaji na rasilimali ya usimamizi, ili..."

"Daktari," Marjorie akaingilia bila kuinua kichwa, "lugha ya darasa la sita. Ni kanuni yako. Hayo nayahesabu kuwa maelezo ya kwanza."

Daktari Stroud akajitolea. Akaenda ubaoni, akachora duara, akaandika MWOMBAJI upande huu na MSIMAMIZI upande ule, akaweka mshale wa kwenda na mshale wa kurudi. Alikuwa anachora vizuri.

"Umeona, Mzee Metro? Huyu anamngoja huyu."

"Na huyu?"

"Huyu anamngoja huyu."

"Na mtu anaingilia wapi?"

Stroud akautazama mchoro wake. Akauzunguka kwa macho mara moja, mara mbili. Akasema polepole, "Kwa kweli sijawahi kuuchora," akarudi kukaa.

"Ya pili," Marjorie akasema.

Daktari Pruden alivua miwani. Sasa alizungumza nami kama mtu na mtu, na namshukuru kwa hilo, kwa kuwa hakuwahi. "Mzee Metro, chukua mfano wa mlango. Huwezi kuingia mpaka uwe na ufunguo. Na ufunguo uko ndani. Ni rahisi tu."

"Aliyeuweka ndani ni nani?"

"Hilo si muhimu."

"Ni muhimu, Daktari. Sisi watu wa huku sote tumewahi kufungia ufunguo ndani ya gari, injini inanguruma, baridi imekushika masikio. Hatuiti hiyo ubora. Unampigia mkeo anakuletea wa akiba. Olha aliniletea mara tatu, na kila mara alinitukana njia nzima." Nikaendelea, "Sasa hayupo wa kuniletea. Nieleze basi, wale mia mbili na arobaini wampigie nani?"

Hita ya ukutani iligongagonga.

"Sijaelewa," nikasema.

"Ya tatu," Marjorie akasema. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya Kifungu cha Tisa, mstari mmoja ulionyooka.

Daktari Pruden akainuka. "Napendekeza tuahirishe kikao mpaka Mshirika wetu apewe mafunzo."

"Kanuni zinakwisha muda Jumamosi," Marjorie akasema. "Zisipohuishwa leo, zinafutika zote arobaini. Ikiwemo ya kwanza."

"Ya kwanza inasemaje?"

"Inasema kutakuwa na Mkuu wa Kitivo."

Akakaa. Kanuni zikahuishwa zote isipokuwa moja. Kisha Marjorie, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni, akasema kwamba kwenye kabati lipo ombi moja lililokamilika kwa kila kitu isipokuwa sharti ambalo halijaandikwa. Kwa kanuni, ombi lililokamilika limepokelewa. Na kwa Kanuni ya Ishirini na Mbili, mwanafunzi aliyepokelewa bila msimamizi atasimamiwa na Mkuu wa Kitivo mwenyewe.

"Nani alitunga hiyo ya Ishirini na Mbili?" Daktari Pruden akauliza.

Marjorie akamtazama tu. Akamsogezea kalamu.

Wiki iliyofuata Kitivo kilitoa tangazo kwenye gazeti kwamba idadi ya wanafunzi wake wa utafiti imeongezeka kwa kiwango kisichoweza kupimwa kwa hesabu za kawaida. Ni kweli. Kutoka sifuri kwenda moja, mashine ya Marjorie ya kukokotoa asilimia iliandika KOSA. Picha ilimwonyesha Daktari Pruden akimpa Glenda mkono. Glenda alikuwa na sare ya kazi. Alitoka zamu moja akaenda nyingine.

Utafiti wake ukaidhinishwa katikati ya Machi, siku kumi na saba kabla ya kibao kubandikwa. Ana daftari la buluu, na ana ruhusa ya kuwahoji waliokuwa wakiendesha idara ya dharura miaka ile tisa. Wa kwanza kwenye orodha ni mkurugenzi wa zamani. Hawezi kukataa, kwa kuwa fomu inayosema msimamizi atashirikiana na mwanafunzi wake kikamilifu ameitia sahihi mwenyewe, akiwa na haraka ya kwenda kupigwa picha.

Mahojiano yamepangwa leo, Jumatatu, mahali utafiti unapofanyikia. Nami nimeteuliwa Mshirika wa Familia katika utafiti. Nimepewa beji ya pili na meza ndogo ya kukunja, nimeiweka hapa koridoni chini ya saa ya ukutani.

Daktari Pruden amefika na koti lake zuri. Machela zote saba zina watu. Pembeni ya namba sita, ambayo amelalia bibi mmoja mwenye soksi za sufu, nikamwonyesha Daktari kiti cha plastiki. Nakijua kiti hicho. Kina ufa upande wa kulia, ukikaa vibaya kinakufinya paja.

"Glenda yuko wapi?" akauliza.

"Ameingia na mgonjwa wa moyo, Daktari."

"Atachukua muda gani?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo muda mrefu, lakini nilipolisikia sikuwa na furaha niliyoitarajia. Nikamjibu kwa upole, kama utaratibu unavyotaka.

"Utaitwa."

Akatazama saa ya ukutani, akatazama saa ya mkononi, akaona hazipatani. Bibi wa soksi za sufu akamuuliza kama yeye ndiye daktari. Akasema ndiyo, lakini si wa aina hiyo. Bibi akamwomba basi amshikie kikombe cha maji, kwa kuwa yeye mkono hauinuki. Akakishika.

Bado amekishika ninapoandika haya. Daftari la buluu Glenda ameniachia mimi, nikae nalo mpaka atoke. Nimefungua ukurasa mpya, baada ya kuupitia kwanza ule wa arobaini na moja, nikaandika kwa penseli: Alastair P., kiti kando ya machela namba sita, ameingia saa nne asubuhi. Safu ya kutoka nimeiacha wazi.